Wazee wa Keya: Waliyojifunza Kambini na Waliyoyaona Burma

Vita havina macho, husema wahenga. Lakini wale waliopigana vita walikuwa na macho na masikio, na kwa miaka mingi baada ya 1945 waliendelea kusimulia waliyoyaona na kuyasikia. Katika vijiji vya Acholi na Lango, vya Ukamba na Unyamwezi, hata ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mzee aliyepata kuwa Keya alijulikana kwa koti lake zito la jeshi, kwa namna alivyosimama wima alipoitwa jina lake, na kwa majina ya nchi za mbali aliyoyataja mbele ya wajukuu: Gondar, Colombo, Imphal, Kalewa.

Leo wazee hao karibu wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 18 vita vilipokwisha alizaliwa mwaka 1927. Hesabu hiyo inatosha kumwonyesha msomaji jinsi mlango unavyofungwa. Kwa hiyo inafaa kuyakusanya yale waliyoyaacha, kuyapima, na kujiuliza wana wao wanadaiwa nini.

Jina "Keya" lilitokana na herufi za kwanza za King's African Rifles, jeshi ambalo Waingereza waliliunda rasmi mwaka 1902 kwa kuyaunganisha majeshi madogo waliyokuwa nayo Afrika ya Mashariki na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Vita Kuu ya Pili vilipozuka Septemba 1939, jeshi hilo halikuwa na askari Waafrika zaidi ya elfu tatu. Miaka sita baadaye zaidi ya watu robo milioni wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa wamevaa sare ya jeshi. Si wote walioshika bunduki. Wengine walikuwa madereva, wapiga mizinga, wapeleka simu, wauguzi, mafundi na wachimba barabara. Uganda peke yake ilitoa watu wapatao 77,000.

KUANDIKISHWA

Watu hawa waliingiaje jeshini? Jibu si moja. Wako waliokwenda bomani kwa hiari. Kodi ilikuwa inadaiwa, kazi ya mshahara ilikuwa haba, na jeshi liliahidi chakula, nguo na fedha za kupeleka nyumbani. Wako vijana waliovutwa na sare, tarumbeta na tamaa ya kuona dunia. Wako pia waliopelekwa. Serikali ya kikoloni ilipotaka watu, machifu walitakiwa kuwatoa, na chifu hakukosa sababu ya kumchagua mtoto wa fulani akamwacha wa fulani. Hasa katika vikosi vya kazi, ambavyo kazi yake ilikuwa kubeba, kuchimba na kupakua, neno "hiari" lilikuwa jembamba sana.

Waliofika bomani walipimwa na daktari. Aliyekuwa na kasoro ya macho, kifua au miguu alirudishwa. Aliyefaulu aliapishwa, akapewa namba, na kutoka siku hiyo namba ile ikawa ni jina lake la pili. Wazee wengi walisahau majina ya maofisa wao, lakini hawakuisahau namba.

KWATA NA LUGHA YAKE

Mafunzo yalianza kwa kwata. Kuruta alifundishwa kusimama, kugeuka, kutembea kwa hatua moja na wenzake, na kutii kabla ya kuuliza. Kisha akafundishwa bunduki: kuifungua, kuisafisha, kuifunga tena hata gizani, kulenga shabaha, kutumia singe. Baadaye yakaja mambo makubwa zaidi, kama bunduki ya rashasha ya Bren, mabomu ya mkono, kuchimba handaki, kusoma ramani, kwenda doria usiku bila kikohozi wala kijiti kuvunjika. Wengi walikuwa hawajapata kuvaa viatu maishani mwao, na kuvizoea viatu vya jeshi lilikuwa somo lenye malengelenge.

Lugha ya mafunzo hayo ilikuwa Kiswahili. Kambini walikutana Mlango na Mkamba, Mnyamwezi na Mluo, Myao na Mwacholi, na amri ilipaswa kufahamika kwa wote mara moja. Maofisa wa Kizungu nao walitakiwa kujifunza Kiswahili na kufanyiwa mtihani. Lakini Kiswahili hicho hakikuwa cha Lamu wala Unguja. Kilikuwa Kiswahili cha Keya, kilichopunguzwa ngeli hadi mtu akasema "watu mbili" na "kitu yangu" bila haya. Washairi wa pwani wangeziba masikio. Hata hivyo, lugha hiyo iliyochongwa kwa shoka ilifanya kazi ambayo lugha iliyotiwa nakshi haikupewa nafasi ya kuifanya: iliwawezesha watu wasiojuana kulindana mbele ya risasi.

Hapa Uganda jambo hilo lilikuwa na matokeo ya muda mrefu. Kiswahili kilibaki kuwa lugha ya kambi, na wananchi wengi wakakijua kama lugha ya mwenye bunduki. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na askari wake wakakitumia kuwatisha raia, chuki ile ikazidi mizizi. Ni vema kukumbuka kwamba kosa halikuwa la lugha. Lugha ile ile iliyotumiwa na mnyang'anyi katika kizuizi cha barabarani ndiyo iliyotumiwa na majeruhi wa Burma kuomba maji kwa mwenziwe wa kabila jingine, naye akampa.

Jeshi lilifungua mlango wa kalamu vilevile. Kikosi cha elimu cha jeshi la Afrika ya Mashariki kiliwafundisha walimu wake katika chuo cha Jeanes huko Kabete, Kenya, nao wakatawanyika vikosini kufundisha kusoma, kuandika na habari za dunia. Mtu aliyeondoka kwao hajui herufi aliweza kurudi akisoma gazeti, na anayesoma gazeti huanza kuuliza.

UHABESHI NA BUKINI

Vita vya kwanza vya Keya vilikuwa dhidi ya Waitalia. Mapema mwaka 1941 majeshi yaliondoka Kenya yakapita Somalia na kuingia Uhabeshi. Addis Ababa ilitwaliwa Aprili 1941, na Mfalme Haile Selassie akarejea katika mji wake mkuu Mei 5, miaka mitano kamili tangu Waitalia walipouingia. Ngome ya mwisho, Gondar, ilianguka Novemba 1941. Kwa askari wengi Waafrika hilo lilikuwa jambo la kushangaza: walimwona Mzungu akishindwa, akitupa silaha, akipangwa mistari kama mateka, na Mwafrika ndiye aliyeshika bunduki ya kumlinda. Ofisa aliyewafundisha utii hakulikusudia somo hilo, wala hakuweza kulifuta.

Mwaka 1942 brigedi ya 22 ya Afrika ya Mashariki ilipelekwa Bukini, kisiwa kilichokuwa mikononi mwa Wafaransa waliotii serikali ya Vichy. Ilitua Majunga Septemba, na kabla ya mwezi huo kwisha Antananarivo ilikuwa imetwaliwa. Wafaransa waliweka silaha chini Novemba. Wakati huohuo maelfu ya Waafrika wengine walikuwa Misri, Libya na Palestina katika vikosi vya kazi, wakichimba, wakijenga na kulinda maghala.

MELI ILIYOZAMA

Safari ya kwenda Asia ilikuwa na hatari zake kabla ya kumwona adui. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo pamoja na meli nyingine, zikilindwa na manowari. Ndani yake mlikuwa na watu 1,511, wengi wao wakiwa wapiga mizinga wa rejimenti ya 301 ya Afrika ya Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi wa kike. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpido mbili. Meli ikazama katika muda usiozidi dakika chache. Watu 1,297 walikufa. Waliookoka walikuwa 214 tu.

Manowari za Kiingereza Petard na Paladin ziliisaka nyambizi ile na kuizamisha siku hiyohiyo. Lakini kwa kuwa nyambizi ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika, mabomu ya kina yaliwaua baadhi ya watu waliokuwa wakingoja kuokolewa. Hayo ndiyo mambo ya vita ambayo hayaingii katika nyimbo za gwaride. Wengi wa waliozama walitoka bara, mbali na bahari, na wazazi wao hawakupata kaburi la kulilia.

BONDE LA KABAW

Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, yenye kichwa cha kifaru kwa alama yake, iliundwa mwaka 1943 na kupelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Huko askari walifundishwa upya. Ujuzi wa kupigana katika nyika za Somalia haukufaa msituni, ambako mtu hawezi kuona hatua kumi mbele. Walijifunza kuvizia na kuepuka kuviziwa, kulala ndani ya handaki lenye maji, kutopiga risasi usiku bila amri. Jambo hili la mwisho lilikuwa na maana kubwa. Wajapani walikuwa na desturi ya kupiga kelele na kurusha vitu gizani ili mwenye woga afyatue risasi na kuonyesha mahali alipo. Askari aliyeweza kunyamaza usiku kucha, kidole kikiwa juu ya kifyatulio, ndiye aliyewaokoa wenzake.

Katikati ya mwaka 1944, baada ya Wajapani kushindwa Imphal, divisheni hiyo ilipewa kazi ya kuwafuata katika bonde la Kabaw. Jenerali William Slim, mkuu wa Jeshi la 14, aliamua kwamba mapigano yasisimame kwa sababu ya masika. Uamuzi huo uliwaangukia askari wa Afrika. Tamu ilitwaliwa mapema Agosti. Kutoka hapo ni mvua, matope na mto baada ya mto. Barabara ziligeuka kuwa tope la kufika magotini. Magari yalivutwa kwa kamba na mikono ya watu. Chakula na risasi vilidondoshwa kutoka katika ndege aina ya Dakota, na magunia yasiyo na miavuli yaliweza kumwua mtu aliyesimama chini.

Adui wa pili alikuwa maradhi. Bonde lile lilijulikana kwa malaria na homa ya papasi wadogo wa msituni. Kila askari alimeza kidonge cha mepacrine kila siku mbele ya mkubwa wake, dawa chungu iliyogeuza ngozi na macho kuwa ya manjano. Ruba waliingia hata ndani ya viatu vilivyofungwa. Nao Wajapani, katika propaganda yao, walidai kwamba askari Waafrika ni wala watu. Wanakijiji wa Burma walipowaona kwa mara ya kwanza wengine walijificha, kisha wakagundua kuwa ni watu wa kawaida wenye njaa ya kawaida.

Desemba 2, 1944, Kalewa, mji wa ukingoni mwa mto Chindwin, ulitwaliwa. Askari wa Afrika wakavuka mto na kushika ng'ambo, na nyuma yao wahandisi wakajenga daraja la Bailey lenye urefu uliozidi futi 1,100, lililokuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake wakati huo. Kwa daraja hilo Jeshi la 14 liliingia katika tambarare za Burma. Wanaosoma juu ya ushindi wa mwaka 1945 na wakumbuke ni nani waliolifungua lango katika mvua ya mwaka uliotangulia.

SWALI LA WAZEE

Baadhi ya wapiganaji hao waliandika vitabu, na inashangaza jinsi wanavyokutana katika swali moja.

Waruhiu Itote wa Nyeri alijiandikisha mwaka 1942 akapelekwa Burma. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1967, anaeleza kwamba askari mmoja wa Kiingereza alimwuliza kwa nini anapigana. Mwingereza yule aliona wazi kwamba yeye mwenyewe anaipigania nchi yake. Hakuelewa Mwafrika anapigania nini. Itote hakuwa na jibu tayari. Anaeleza pia kwamba mbele ya mizinga majivuno ya rangi yalitoweka, kisha yakarudi mara hatari ilipopita. Huyo ndiye aliyekuja kujulikana kama Jenerali China katika misitu ya Mlima Kenya, hadi alipokamatwa Januari 1954.

Bildad Kaggia, aliyejiunga na jeshi mwaka 1940, alihudumu Mashariki ya Kati na Uingereza. Naye katika kitabu chake cha mwaka 1975 anaonyesha jinsi safari hizo zilivyomfanya aanze kuyahoji mambo aliyofundishwa. Robert Kakembo wa Uganda aliandika vita vikiendelea bado, akiwaonya watawala kwamba askari Mwafrika hatarudi akiwa yule yule aliyeondoka. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1946. John Mandambwe wa Malawi, aliyepigana kijana na baadaye akawa padre, aliacha simulizi ambayo jina lake lenyewe ni swali: waweza kuniambia kwa nini nilikwenda vitani?

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba kila Keya alirudi mwanasiasa. Wengi walirudi mashambani, wakaoa, wakanunua ng'ombe au cherehani, wakafungua duka dogo. Wengine walikaa jeshini. Tito Okello, aliyeingia Keya mwaka 1940, alifika hadi kuwa mkuu wa nchi ya Uganda kwa miezi michache kati ya Julai 1985 na Januari 1986. Vita havikuwapa watu wote fikra moja. Viliwapa kipimo kimoja cha kuyapimia yaliyofuata.

MCHUMIA JUANI

Mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo haikutimia kwa askari hawa. Katika muda wote wa vita hakuna Mwafrika wa Keya aliyepewa cheo cha ofisa kamili. Mshahara ulifuata rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, ingawa risasi haikujua kupanga namna hiyo. Hata kiinua mgongo cha kuagwa kilikuwa hivyohivyo. Mwaka 2019 hati za zamani zilizotangazwa na waandishi wa habari zilionyesha kwamba malipo hayo yalihesabiwa kwa cheo, kwa muda wa utumishi na kwa rangi ya mtu, na kwamba askari mweupe aliweza kupata mara tatu ya mwenziwe mweusi. Mwaka mmoja kabla, serikali ya Uingereza ilikuwa imetenga karibu pauni milioni 12 kuwasaidia wakongwe wa vita wa Jumuiya ya Madola wanaoishi katika ufukara. Msaada ni jambo jema, lakini msaada si mshahara. Aliyenyimwa haki yake hapaswi kuipokea baadaye kwa jina la sadaka.

UKWELI NA MAJIGAMBO

Pamoja na heshima yote, kumbukumbu ni lazima zipimwe. Mfano mkubwa tunao hapa nyumbani. Idi Amin alijigamba kwamba alipigana Burma, na watu wengi walimwamini. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha kwamba aliandikishwa mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, akaanza kazi jikoni. Burma lilikuwa jina lenye utukufu hata asiyefika huko alitamani kulivaa. Ndiyo maana maneno matupu hayatoshi, na waliofika kweli wanastahili kutengwa na waliojigamba.

Familia nyingi zinao ushahidi bila kujua. Palipo na karatasi au kitabu cha kuagwa jeshini, namba ya batalioni husema mengi. Katika divisheni ya 11, batalioni za 4, 34 na 44 zilikuwa za Uganda. Za 26 na 36 zilikuwa za Tanganyika. Za 2 na 22 za Nyasaland. Ya 11 ilikuwa ya Kenya. Nishani nayo husema. Nyota ya Burma ina utepe wa buluu iliyoiva, mstari mpana mwekundu katikati na mistari ya rangi ya machungwa pembeni. Nyota ya Afrika ilitolewa kwa waliopigana Afrika. Lakini nyota hizo Waingereza walizitoa bila kuandika jina la mwenyewe. Nishani ikitenganishwa na karatasi yake, huwa ni kipande cha chuma tu, hakuna ajuaye kilikuwa cha nani.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya sanduku la babu kutupwa au kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, lifungue. Karatasi iwekwe pamoja na nishani. Nyuma ya picha liandikwe jina, mwaka na mahali. Mjane na watoto wakubwa waulizwe walichokisikia, na maneno yao yaandikwe kama walivyoyasema, hata kama ni Kiswahili cha Keya. Shaaban Robert alivitungia vita hivyo utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, ili vizazi vijavyo visome. Yeye alikuwa mshairi na aliifanya sehemu yake. Askari aliyelala katika matope ya Kabaw hakuwa mshairi, na sehemu yake ameiacha mikononi mwa jamaa zake.